Mwenye Pikipiki Aenda kwa Miguu

Ukifika Omurushaka, penye njia ya kwenda Kyerwa, utaona pikipiki zikingoja abiria. Kijana aliyekaa juu ya pikipiki mara nyingi si mwenye mali. Mwenye mali huenda yuko shambani anapalilia kahawa, au anakwenda sokoni kwa miguu.

Kwa nini hapandi pikipiki yake? Wapo wanaoiogopa, lakini si wengi. Huyu ameikabidhi kwa dereva. Dereva hununua petroli, hubeba watu na mikungu ya ndizi, na jioni humletea mwenyewe fedha. Fedha hizo huitwa hesabu. Siku mwenyewe akiichukua kwenda msibani, hapati hesabu.

Wengine hupatana kwa mkataba. Dereva huleta hesabu mpaka kiasi walichopatana kitimie, kisha pikipiki inakuwa yake.

Tuseme mmepatana shilingi 2,800,000, naye analeta 7,000 kila siku. Atamaliza kwa siku 400. Ni zaidi ya mwaka! Katika siku hizo mvua itanyesha, tairi litapasuka, mnyororo utakatika. Nani atalipa? Kama hamkuandika, ugomvi utaanzia hapo.

Nunueni madaftari mawili, moja lako, moja la dereva. Kila jioni andikeni tarehe na kiasi, kisha wote wawili mtie sahihi. Na mkataba usisomewe na mtu. Usome mwenyewe, polepole, kabla ya kutia sahihi. Kadi ya pikipiki ibaki kwako mpaka hesabu ya mwisho.