Kabla ya Kuvuka Sirari, Kata Chokoleti Katikati

"Chokoleti ni chokoleti tu, dada. Nimeziweka zote 1806.90." Hayo ni maneno ya wakala wangu wa forodha, tukiwa mpakani Sirari mchana wa jua kali, gari limejaa makatoni ya mchanganyiko niliyonunua Nairobi kwa ajili ya duka langu Mwanza. Afisa akafungua katoni la juu, akatoa biskuti. Kadhia, yaani tamko letu la forodha, ikasimama palepale. Wakala akaanza kuongea na simu.

Tangu siku hiyo wenzangu wa soko la Makoroboi wananiuliza nilijinasuaje, kwa hiyo haya, hatua tatu.

Ya kwanza: ankara safi, vibali vya TBS, wakala mwenye leseni. Hayo mnayajua.

Ya pili ni kisu. Nilimwomba afisa ruhusa, nikafungua paketi moja ya kila aina na kuzikata juu ya katoni. KitKat ikaonyesha matabaka ya biskuti: hiyo hata ukiivika chokoleti ni ya sura ya 19 ya kitabu cha ushuru, namba 1905.32. Bounty ina kiini cha nazi kilichofunikwa chokoleti, kwa hiyo inahesabiwa imejazwa, 1806.31. Mche wenye vipande vya karanga wakala aliapa kwamba nao umejazwa. Hapana! Karanga zikiwa zimetawanyika ndani ya chokoleti yenyewe, mche haujajazwa, ni 1806.32. Afisa, mama mtu mzima, akacheka, akasema, "Mwanangu, ungekuwa wewe ndiye wakala."

Ile nyeupe ndiyo ilileta ubishi. Imeandikwa chokoleti, inauzwa kama chokoleti, lakini forodha wanaiweka 1704.90 pamoja na pipi, kwa sababu ndani yake mna siagi ya kakao tu, na siagi hiyo haihesabiwi kuwa kakao. Wakala alinuna. Mimi nilikuwa nimeshapata ushindi wangu, ingawa chokoleti niliyoikata ilikuwa inanichuruzika vidoleni.

Ndiyo maana siku hizi nakata nyumbani. Omba sampuli kabla ya kununua mzigo, ziweke kwenye friji usiku kucha, kisha tumia kisu chembamba kilichopashwa kwa maji ya moto na kufutwa kikavu. Ukikata chokoleti ya joto la Mwanza, inajipaka yenyewe kwenye kiini na picha haionyeshi kitu. Weka rula pembeni, piga picha ya upande uliokatwa, piga na ya nyuma ya paketi penye viambato na uzito halisi. Uzito usiupuuze: mapande ya waokaji keki yanayozidi kilo 2 kila moja yana namba yake, 1806.20. Picha hizo nazituma kwa wakala pamoja na karatasi ya mtengenezaji yenye asilimia za viambato, na kila bidhaa inapata mstari wake kwenye kadhia. Muuzaji asiyeweza kutoa karatasi hiyo simnunui. Wapo Nairobi wanaoandika "chokoleti mchanganyiko" kwenye ankara nzima halafu wanashangaa unapouliza maswali.

Hatua ya tatu ni karatasi. Kama bidhaa ina utata, unaweza kuiomba TRA uamuzi wa maandishi kabla ya kuagiza. Usiporidhika na uamuzi wa forodha, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinakupa siku 30 kumwomba Kamishna aupitie upya. Sikufika huko, lakini nilikitaja kwa sauti, na wakala akakata simu.

Kuna muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba mzigo ukitoka Kenya haulipi ushuru. Msamaha huo unataka cheti cha uasilia, nacho ni cha bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa masharti yake. Kuinunua tu Nairobi hakutoshi. Chokoleti iliyotengenezwa Uturuki inabaki ya Uturuki, na tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja ni asilimia 35, VAT ya asilimia 18 ikifuata juu yake. Sasa kila akianza wimbo huo namtajia hesabu hiyo, ananipunguzia bei kidogo, nami nachukua.