Vifuko vya Seli Shina na Ini Lenye Kovu: Mgonjwa wa Misungwi Atarajie Nini?

Mvuvi wa Misungwi anapotapika damu, mara nyingi ugonjwa wake ulianzia majini, miaka mingi nyuma. Vimelea vya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, hutoka kwa konokono wa Ziwa Victoria na kupenya ngozi. Minyoo iliyokomaa huishi katika mishipa ya damu ya utumbo, na sehemu ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Huko mwili huyazingira, na kovu hujengeka kando ya matawi ya mshipa mkuu unaoingiza damu kutoka utumboni. Damu ikizuiwa njia, bandama huvimba, tumbo huweza kujaa maji, na mishipa ya umio hutanuka hadi kupasuka.

Kovu hilo ndilo linalolengwa na utafiti wa vifuko vya seli, au eksosomu. Seli hutoa vifuko hivi, vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi, vikiwa vimebeba protini na RNA. Vilipoelezwa mwaka 1983 katika seli changa nyekundu za damu, vilidhaniwa kuwa njia ya seli kutupa taka. Sasa tunajua kwamba hupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Vile vya seli shina huonekana kupunguza uvimbe wa ndani na kuzituliza seli zinazofuma kovu. Mwaka 2013 watafiti wa China walitangaza kwamba vifuko vya seli shina za kitovu cha binadamu vilipunguza kovu katika ini la panya.

Lakini ini la panya hao liliharibiwa kwa kemikali inayoua seli za ini zenyewe. Kichocho hakiendi hivyo. Seli za ini la mgonjwa wetu huendelea kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Kinachomuua aghalabu ni kuvuja damu. Ni ini jingine kabisa, na matumaini ya panya yule hayahamishiki moja kwa moja kuja ziwani kwetu. Tena kovu likipungua huku minyoo ingali inataga, litajengeka upya. (Minyoo nayo, kwa njia, hutoa vifuko vyake.)

Kliniki naulizwa kuhusu sindano za eksosomu zinazotangazwa kwenye simu. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika kwa bidhaa za namna hiyo, ikasema hakuna hata moja iliyoidhinishwa. Mgonjwa asiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Dawa tuliyo nayo ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Hospitali na zahanati zimeizoea mno hata hatuistaajabii, ilhali huua minyoo, na kovu changa huweza kupungua baadaye. Mpime mgonjwa homa ya ini ya B pia, kwani mtu mmoja huweza kuwa na magonjwa yote mawili. Anayehitaji tenofovir aanzishiwe.

Mwenye bandama iliyovimba apewe rufaa kwenda Bugando achunguzwe umio kabla hajavuja damu, kwani mishipa iliyotanuka huweza kufungwa kwa mipira midogo. Asipewe aspirini wala diklofenaki kwa maumivu. Akitapika damu usiku, asingoje kupambazuke.