Mbegu ya nguruwe na maji ya kikaangoni

SWALI: Muuza kitimoto wa Katoro, Geita, anauliza kwa nini nyama ya nguruwe wengine imepauka, na ikiingia kikaangoni inachuja maji na kusinyaa, ilhali wengine wa bei ileile wanatoka vizuri. Je, ni mbegu?

JIBU: Mbegu imo, ila si peke yake. Kisa kinachojulikana zaidi ni hitilafu ya jeni ya RYR1, inayosimamia utoaji wa kalsiamu ndani ya msuli. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba herufi moja tu ya vinasaba ikibadilika, nguruwe akishtuka misuli yake hufanya kazi kupita kiasi. Akichinjwa, asidi hupanda nyama ikiwa bado ya moto, protini huharibika na kushindwa kushika maji. Pietrain wa Ubelgiji, anayesifiwa kwa mapaja manene, alivuma kwa kasoro hiyo.

Hampshire ana yake: badiliko la jeni ya PRKAG3, lililotambuliwa mwaka 2000, hulimbikiza sukari msulini, na nyama hupungua ikipikwa. Duroc mwekundu ndiye wa kutafutwa. Mafuta yake hujipenyeza katikati ya nyuzi za nyama.

Lakini hata mwenye jeni safi, akifungwa miguu juu ya pikipiki kutoka Kahama hadi Katoro kwenye jua la saa saba, atatoa nyama ya maji. Muuzaji ampumzishe kivulini, ampe maji, asimpige. Na kabla ya kulipa amuulize mfugaji dume lilikuwa la aina gani.