Magari ya Zamani Yanapowatembelea Wazee



Leo tutazungumza juu ya jambo linalofanyika Uingereza na Marekani. Huko wazee wengi hawaishi na watoto wao. Baadhi yao huishi katika makazi ya wazee na kutunzwa huko. Hupata chakula, dawa na kitanda safi. Lakini mzee anaweza kushiba, na bado akakaa kutwa nzima bila kutamka neno.

Wako watu wenye magari ya zamani. Wameyatunza mpaka yanang'aa, nao wana vilabu vyao. Baadhi yao hujitolea. Siku yenye jua huyaendesha mpaka kwenye makazi ya wazee na kuyapanga uani. Hawadai malipo. Wazee hutoka nje, huyu kwa mkongojo, yule kwa kiti cha magurudumu. Huyatazama magari, huyagusa, hukaa ndani. Mwenye nguvu hupakiwa akazungushwa kidogo.

Labda utauliza: gari kuukuu litamsaidia nini mzee mgonjwa?

Tupige hesabu. Chukua mzee aliyezaliwa mwaka 1940. Mwaka 1960 alikuwa kijana wa miaka 20. Wakati huo Uingereza palikuwa na gari dogo lililopendwa sana, Morris Minor. Lilianza kuuzwa mwaka 1948, na yalitengenezwa zaidi ya 1,600,000. Huenda ndilo alilojifunzia kuendesha, au alilopanda siku ya harusi yake. Wataalamu wameona kwamba mtu akizeeka, hukumbuka zaidi mambo ya tangu alipokuwa na miaka 10 hivi mpaka 30. Ya jana hupotea upesi.

Tena mikono ina kumbukumbu yake. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huenda asijue leo ni siku gani. Hata jina la mwanawe huweza kumpotea. Lakini kazi ambayo mikono na miguu iliifanya mara elfu huchelewa kufutika. Akikaa mbele ya usukani, mguu huweza kutafuta klachi wenyewe. Ndiyo maana ni lazima ufunguo utolewe na breki ya mkono ivutwe kabla mzee hajaketi!

Morris Minor za miaka ya 1950 zilionyesha kona kwa vijimkono viwili vilivyochomoza ubavuni, kimoja kila upande. Kijana wa leo akikiona kijimkono hicho, hucheka. Mzee hucheka pia, kisha humweleza jinsi kilivyokuwa kikikwama. Kwa dakika hizo mzee ndiye mwalimu.

Zamani hata madaktari wengi walidhani kwamba mzee anayesimulia sana mambo ya kale ameanza kuchakaa akili. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake. Alisema mzee anayeyarudia maisha yake moyoni anafanya kazi ya maana. Anayapima na kuyapanga.

Gari haliponyi ugonjwa wa kusahau. Na mzee mwingine, akiliona gari, humkumbuka marehemu mkewe akalia. Hapo usimkatize. Kaa naye.

Jambo moja nataka ulishike. Usimwulize mzee, "Unakumbuka?" Huo ni mtihani. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaijua aibu ya kuulizwa mbele za watu ukakosa jibu. Mwulize hivi: "Hili liliwashwaje?" Halafu nyamaza, hata akikawia. Akikosea mwaka, mwache.

Huku kijijini Morris Minor utaitoa wapi? Si lazima liwe gari. Cherehani, redio ya mbao, jembe la kukokotwa na ng'ombe, chochote alichokifanyia kazi.

Babu yangu alikuwa utingo wa lori la pamba katika miaka ya 1960. Bibi alipofariki, babu alinyamaza. Tukimwambia "Shikamoo babu," alijibu "Marahaba," basi. Siku moja niliona hendeli kwa muuza vyuma chakavu. Nikaiazima, nikaenda nayo nyumbani. Niliishika mbele yake kama mtu anayetaka kuwasha injini.

Babu akaniangalia mkono. "Dole gumba!" akasema. "Toa dole gumba, mjukuu wangu!"

Akaninyang'anya hendeli. Akanionyesha kwamba dole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine. Halizungushwi kwenye chuma. Injini ikirudisha nyuma ghafla, hendeli huweza kukuvunja. Kisha akamtaja utingo mwenzake aliyevunjika mkono namna hiyo, usiku, mvua inanyesha, lori limejaa pamba. Jina la mtu huyo hatukuwa tumelisikia hata siku moja.

Jioni ile ugali ulipoa mbele ya babu. Alikuwa bado anasimulia, na lori lilikuwa halijafika Mwanza.

ZOEZI

1. Mzee alizaliwa mwaka 1938. Alikuwa na miaka mingapi mwaka 1961?
2. Kwa nini ufunguo hutolewa kabla mzee hajakaa garini?
3. Mtaje mzee mmoja wa kijiji chako. Alifanya kazi gani ujanani, na kwa chombo gani? Kama hujui, nenda kamwulize, kisha andika mistari mitano.