Dondoo muhimu: Jaza mwili bila vyuma, kwa wachimbaji wa Masumbwe

• Piga pushapu, chuchumaa na jivute juu kwenye tawi imara la mwembe, mara 3 kwa wiki. Ukizoea, vaa begi lenye mchanga.

• Shuka taratibu, sekunde 3 kila mara, ili misuli ifanye kazi zaidi.

• Kula ushibe: ugali au wali, pamoja na maharage, dagaa, mayai au maziwa. Mwenye kilo 60 alenge gramu 100 hivi za protini kwa siku.

• Kati ya milo, tafuna karanga na michembe.

• Umeshinda duarani (shimo la machimbo) ukichimba? Siku hiyo usifanye mazoezi. Kunywa maji ya kutosha, ulale kwa saa 8. Mwili hujengeka ukipumzika.