Hijabu Bila Pini: Somo kwa Mafundi Cherehani wa Kabiro

Msichana Mwislamu anapoambiwa avue hijabu ndipo acheze, sababu anayopewa mara nyingi ni usalama: pini itamdunga mwenzake, au kitambaa kitavutwa kimkabe shingo. Hofu hiyo ina msingi. Isipotafutiwa dawa, hata hivyo, hugeuka kisingizio cha kumfungia mlango.

Mnamo 1999, mbunifu Mholanzi Cindy van den Bremen alishughulikia tatizo hilo katika shule za Uholanzi. Alitengeneza hijabu za michezo zinazovaliwa kama kofia, bila pini.

Hoja ya usalama ilifika hadi soka ya kimataifa. Juni 2011, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan kwa sababu ya hijabu. FIFA iliruhusu majaribio mwaka 2012, na Machi 2014 ikakubali rasmi mavazi ya kichwa uwanjani.

Hapa Kenya, wasichana katika kambi za Dadaab walishirikiana na wabunifu wa Nike pamoja na UNHCR kupata sare za voliboli zinazositiri mwili bila kuzuia mwendo. Wavaaji wenyewe walisikizwa.

Fundi wa Kabiro anaweza kufuata hatua hizi:

1. Muulize mvaaji anataka kusitiri nini, na kazi au mchezo wake unahitaji nini.
2. Chagua kitambaa chepesi, kinachovutika na kupitisha jasho.
3. Badala ya pini, shona velkro inayofunguka ikivutwa.
4. Tumia rangi ya sare ya shule, timu au kazini, ili mvaaji afanane na wenzake.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini na pia ya mavazi. Nacho hakiwahusu maafisa wa serikali peke yao. Kinamhusu kila mtu, wakiwemo waajiri na makocha.

Cherehani haiwezi kuondoa chuki yote. Inaweza kuondoa kisingizio. Pini ikishatoka na msichana bado akakataliwa, kila mtu ataona kwamba tatizo halikuwa pini.

Maswali ya kujadili

• Ni kanuni gani ya mavazi shuleni au kazini kwenu inayomfungia mtu nje?
• Je, sababu inayotolewa inaweza kutatuliwa kwa mshono?
• Ni nani aliyeulizwa kabla ya kanuni hiyo kuwekwa?