MISULI YA MFANYAKAZI HAIJENGWI NA KAZI PEKE YAKE

Ndugu wavuvi, wachukuzi na wafanyakazi wote wa mwalo wa Kahendero,

Somo letu la leo linahusu misuli. Wengi wetu tunaamini kwamba mtu anayepiga kasia usiku kucha na kubeba magunia mchana hana haja ya kufundishwa habari za nguvu. Imani hiyo inawafaa matajiri wenye mitumbwi, lakini si ya kweli.

Msuli hukua hivi: ukiubebesha mzigo mzito kuliko ulivyozoea, nyuzi zake huumia kidogo. Halafu mwili huzitengeneza na kuzinenepesha. Kazi hiyo huifanya wakati wa mapumziko, hasa usingizini, na vifaa vyake ni chakula cha kujenga mwili, yaani protini. Mtu akibeba mzigo ule ule kila siku, bila kulala vya kutosha, bila protini, haongezeki nguvu. Tena akila kidogo kuliko anavyotumia, mwili huchoma akiba ya mafuta, na pamoja nayo huila misuli yenyewe. Ndiyo maana utamwona kijana ameanza kazi na mabega mapana, na baada ya miaka michache shati linamning'inia.

Sasa tuhesabu. Mwanamume wa kilo 60 mwenye kazi nzito huhitaji kalori 3,000 au zaidi kwa siku. Ili misuli ikue, wataalamu husema ale protini kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 96. Nusu kilo ya unga wa muhogo humpa kalori zipatazo 1,700, lakini protini yake haifiki gramu 10. Akishushia chai ya sukari ataona ameshiba, kumbe hajajenga kitu. Waragi nayo ina kalori, 7 katika kila gramu ya kileo, wala haina protini hata chembe.

Protini tunayo mikononi. Ziwa George ni dogo, kiasi cha kilomita za mraba 250, na kina chake kwa wastani hakifiki mita 3, lakini hutoa ngege, kambare na kamongo. Ngege wa nusu kilo ana mnofu wa gramu 200 hivi, na ndani yake mna protini kama gramu 40. Ila kijiji chetu kimo katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, hatuwezi kufyeka mbuga tulime. Unga hununuliwa, na fedha ya unga ni samaki. Basi mvuvi huuza samaki wote, akanunua muhogo. Hatuko peke yetu: kule Kisumu watu walikula mifupa ya sangara, wakaiita "mgongo wazi", kwa sababu viwanda vilipeleka minofu Ulaya.

Asiyepata samaki ale maharagwe. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 21 hivi, karanga 25. Sombe ikitiwa karanga ni chakula bora kuliko wengi wanavyofikiri, na posho kwa maharagwe hukamilishana.

Je, mvuvi ana haja ya mazoezi? Ndiyo, maana kasia hukaza mgongo na mikono, na miguu hukaa bure. Chukua jerikani ya lita 20. Tia maji lita 10, ambazo ni kilo 10. Ikumbatie kifuani, chuchumaa, simama, mara 12. Pumzika, rudia mara mbili. Ikiwa rahisi, ongeza lita 2. Fanya mara mbili au tatu kwa juma, siku ambazo hukubeba mizigo. Mgongo uwe umenyooka, nguvu itoke mapajani. Hivyo hivyo unapoinua gunia.

Lakini gunia la kilo 100 si zoezi. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe pungufu sana. Na Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwajiriwa siku ya kupumzika baada ya siku sita za kazi. Tajiri anayesema watu wake ni "washirika tu" anajua kwa nini hataki kuwaita waajiriwa.

Katika mkutano wa tawi tutaleta dai moja la chakula: kila mfanyakazi wa mtumbwi apewe ngege mmoja wa nusu kilo kabla samaki hawajafika kwenye mizani, asikatwe katika hesabu yake. Mwenye mitumbwi mitano, watu wawili kila mmoja, atatoa samaki 10, kilo 5 kwa usiku. Kila mmoja apime mavuno ya mtumbwi wake juma hili na aje na hesabu, maana matajiri watasema kilo 5 zitawafilisi.